Kila Zama na Misimu Yake

Kijana wa Dar es Salaam akimwita rafiki yake "mhuni wangu", rafiki hutabasamu. Ni neno la mapenzi, la kumtambua mwenzako kuwa ni mjanja, mwaminifu kwa watu wake na asiyetishwa na maisha. Miaka themanini iliyopita, katika mji huohuo, kuhesabiwa mhuni kulitosha kumfanya mtu akamatwe na kurudishwa kwa nguvu kijijini kwao. Matamshi ni yaleyale, lakini maana imepinduka, na haikupinduka kwa bahati wala kwa utundu wa vijana.

Wanaisimu huyaita maneno ya aina hii misimu au simo. Walio wengi husema lugha ya mitaani, na wanaoichukia huiita lugha ya kihuni. Hoja ya makala haya ni kwamba misimu hubadilika maana kwa sababu zinazoweza kutajwa na kuwekewa tarehe: sheria mpya, vita, ugonjwa, nauli, bei ya mafuta ya taa, uchaguzi. Kizazi hurithi maneno ya kizazi kilichotangulia, lakini hakirithi shida zilezile. Hulipokea neno na kulipa kazi inayolingana na maisha yake. Kwa hiyo anayetaka kujua jinsi Watanzania wa mjini walivyoishi katika karne iliyopita anaweza kuifuata historia hiyo ndani ya maneno ambayo walimu wamekuwa wakiyakata kwa kalamu nyekundu.

Mji na wasiotakiwa: hadi 1961

Kamusi ya A. C. Madan ya 1903 na ile ya Frederick Johnson ya 1939 zinamweleza mhuni kama mtu wa kutangatanga, asiye na makao wala mwenendo mwema. Ili kuielewa maana hiyo ni lazima kukumbuka jinsi mtu alivyopimwa katika miji ya pwani. Mtu alikuwa wa ukoo fulani, wa mtaa fulani, mke au mume wa fulani, mwanafunzi wa shehe fulani. Akikopa, palikuwa na wa kumdhamini. Akikosa, palikuwa na wa kumkanya. Akifa, palikuwa na wa kumzika. Mhuni alikuwa yule aliyetoka nje ya uzi huo wa undugu. Lilikuwa neno la maadili, na hukumu yake ilitolewa barazani.

Waingereza, walioitwaa Dar es Salaam kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916, walilichukua neno hilo na kulipeleka kituo cha polisi. Sheria ya mwaka 1923 juu ya watu wasio na riziki, na baadaye sheria ya mwaka 1944 ya kuwaondoa mijini wenyeji wasiotakiwa, ziliipa serikali uwezo wa kumrudisha kwao Mwafrika aliyeonekana hana kazi inayotambulika. Katika miaka ya Vita Kuu ya Pili na baada yake, vijana walioingia mjini walizidi ajira zilizokuwapo, na maofisa wakawa wanaandika "wahuni" katika taarifa zao za Kiingereza bila hata kulitafsiri. Hapa ndipo maana ilipopinda kwa mara ya kwanza. Kijana aliyelala kwa mjomba wake Kariakoo, akauza kahawa asubuhi na kubeba mizigo bandarini mchana, alikuwa na ndugu, makao na riziki; kwa kipimo cha baraza hakuwa mhuni hata kidogo. Kwa kipimo cha serikali alikuwa mhuni, kwa sababu hakuwa na mwajiri wala risiti ya kodi. Neno lililomhusu aliyekosa watu sasa lilimhusu aliyekosa karatasi.

Matokeo yake yalikwenda mbali kuliko wakoloni walivyokusudia. Jina linalobandikwa umati mzima hupoteza aibu yake taratibu, kwa sababu kila mtu anamjua mhuni mmoja ambaye ni ndugu yake na ni mtu mwema. Mbegu ya maana ya leo ilipandwa hapo: mhuni ni mwenzetu ambaye serikali haimtaki. Kiingereza kilileta neno jirani, "lofa", kwa mtu asiye na kazi wala mbele wala nyuma, nalo halikupata bahati hiyo. Mwaka 2015 Rais mstaafu Benjamin Mkapa alipolitumia dhidi ya wapinzani kwenye uzinduzi wa kampeni za CCM viwanja vya Jangwani, lilizua mjadala nchi nzima, maana lilikuwa bado ni tusi kamili. Tofauti kati ya maneno haya mawili ni fundisho la kwanza la historia hii. Mhuni lilipata kundi la kudumu lililokubali kulivaa kama jina lake, lofa halikulipata.

Uhuru na viti vipya: 1961 hadi 1978

Baada ya Uhuru wa Desemba 1961, nafasi za Wazungu serikalini zilianza kushikwa na Waafrika. Sera hiyo ilikuwa na jina refu la Kiingereza, Africanisation, mtaa ukalikata kichwa ukabaki na mkia: naizesheni. Aliyepata cheo kwa njia hiyo akaitwa naizi, na wenzake manaizi. Mwanzoni palikuwa na fahari ndani ya neno hilo, maana naizi alikuwa ushahidi kwamba Mwafrika anaweza kukikalia kiti kile. Haikuchukua miaka mingi fahari ikageuka lawama. Naizi akawa mkubwa mwenye nyumba Oysterbay, gari na mshahara wa kizungu, aliyewasahau aliotoka nao. Afrika Mashariki nzima ikapata neno jingine la kuwataja watu hao, Wabenzi, kana kwamba wenye magari ya Mercedes-Benz ni kabila jipya.

Azimio la Arusha la Februari 1967 lilijibu lawama hiyohiyo kwa lugha ya chama tawala. Viongozi walikatazwa kumiliki hisa, kupangisha nyumba na kupokea mishahara miwili; magazeti na mikutano ikajaa kupe, wanyonyaji na mirija. Wengi hudhani misimu hutoka chini kwenda juu tu. Miaka hii inaonyesha kwamba njia ina pande mbili. "Kupe" liliteremka kutoka jukwaani, likafika mtaani likimlenga tajiri na mwenye nyumba za kupangisha, kisha likamfikia mtu yeyote anayekula jasho la wenzake bila kuchangia. Chama kilikusudia tabaka; mtaa uliliingiza neno ndani ya nyumba, hadi kwa ndugu mwenye nguvu zake asiyetaka kufanya kazi.

Naizi lenyewe lilikufa, na kifo chake kina maelezo. Waliozaliwa baada ya Uhuru hawakuwahi kumwona Mzungu kwenye kiti cha mkuu wa wilaya, hivyo Mwafrika mwenye cheo hakuwa habari kwao. Lawama juu ya wakubwa ilibaki palepale, ila sasa ilihitaji neno lisilotegemea kumbukumbu ya mkoloni, na "kigogo" likaijaza nafasi. Neno la mtaani linaweza kuzikwa huku jambo lililolizaa likiendelea kuishi, kwa sababu kizazi kipya hulitazama jambo hilo kutoka upande mwingine. Hali ilikuwa tofauti kwa "chai". Kadiri mishahara ilivyopoteza thamani, ndivyo mtumishi mwenye muhuri alivyozidi kuomba chai. Hakusema rushwa, aliazima heshima ya desturi ya kumkirimu mgeni, na neno hilo likawawezesha mtoaji na mpokeaji kutazamana usoni bila haya. Tutaikuta chai tena mbele, ikiwa na kazi nyingine.

Vita, foleni na maradhi: 1978 hadi 1985

Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 viliikuta nchi ikiwa tayari imeelemewa na bei ya mafuta na kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977. Sabuni, sukari, unga na khanga vikaadimika. Watu walipanga foleni kwenye maduka ya kaya, na bidhaa zilizokosekana dukani zilipatikana kwa mlango wa nyuma. Kulangua, yaani kununua kwa wingi ili kuuza kwa bei ya kuruka, likawa kosa la taifa. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine alipoongoza msako dhidi ya wahujumu uchumi, mlanguzi alikuwa mtu wa kuogopwa na kuchukiwa, na wapo waliotupa bidhaa zao usiku ili zisikutwe majumbani. Muongo mmoja baadaye kitendo kilekile kiliitwa biashara. Neno likasinyaa, likabaki kwa mambo machache yaliyo bado na bei rasmi, kama tiketi za mechi kubwa ya mpira. Kenya, ambayo haikupita njia hiyo, ililipeleka kwingine: magazeti ya huko huandika ulanguzi wa dawa za kulevya na ulanguzi wa binadamu. Neno ni moja, lakini kila upande wa mpaka umelipa historia yake.

Mwaka huohuo wa 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera. Kabla ya jina la kitabibu kufika, watu wa huko waliuita Juliana, jina la nguo iliyokuwa ikiletwa na wafanyabiashara kutoka Uganda. Jina hilo lilikuwa na uchunguzi ndani yake. Watu waliona kwamba wengi wa wanaougua ni wale wa biashara ya mpakani, wenye fedha na safari, wakauita ugonjwa kwa bidhaa yao. Ugonjwa ulipoenea nchini, Juliana halikutosha tena, kwa sababu mahali ambapo nguo ile haikuwa gumzo jina hilo halikumwambia mtu kitu. Mijini wakasema fulani amekanyaga miwaya, au fulani ana ngoma. Miwaya ni ya umeme: hatari isiyoonekana kwa macho na isiyompa mtu nafasi ya pili. Dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bure mwaka 2004, ugonjwa ukaacha taratibu kuwa hukumu ya kifo, na naona kwamba maneno ya hofu yalipungukiwa na kazi kwa sababu hiyo. Kwa wengi waliozaliwa baada ya hapo, ngoma kali ni wimbo mpya.

Usafiri ndio ulioacha neno lililodumu kuliko yote ya miaka hiyo. Shirika la usafiri wa mjini, UDA, halikuwa na mabasi ya kutosha, na abiria walijaa kwenye magari ya watu binafsi, yakiwamo yale yaliyoitwa chai maharage: gari dogo la mizigo lililowekewa mabenchi mawili, abiria wameketi wakitazamana, magoti yakigusana, kama wateja wa hoteli ya mtaani waliokaa kwenye meza moja ya chai na maharage. Mwaka 1983 serikali iliruhusu magari binafsi kubeba abiria mjini. Nauli ilikuwa shilingi tano, na shilingi tano iliitwa dala, makondakta wakapaza sauti "dala, dala!" na gari likaitwa daladala. Nairobi ilikuwa imetangulia kwa njia hiyohiyo: matatu zilipata jina kutokana na nauli ya senti thelathini, vipande vitatu vya senti kumi, na mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu zifanye kazi bila leseni maalumu.

Inasimuliwa sana kwamba shilingi tano iliitwa dala kwa kuwa dola moja ya Marekani ilibadilishwa kwa shilingi tano wakati huo. Hesabu haikubali, maana mwaka 1983 bei rasmi ya dola ilikuwa imepita shilingi kumi. Maelezo yanayokubaliana na ushahidi ni ya zamani zaidi. Waingereza wenyewe, katika lugha yao ya mitaani, waliita shilingi tano dola, kwa sababu katika miaka ya Vita Kuu ya Pili pauni moja ya shilingi ishirini ilikuwa sawa na dola nne hivi. Shilingi ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika mwaka 1921, nayo ilikuwa ishirini kwa pauni. Kwa hiyo konda wa 1983 yaelekea alikuwa akitumia neno lililosalia kutoka zama za babu yake, bila kujua na bila kuhitaji kujua. Nauli ikapanda, shilingi tano ikakosa thamani, neno dala likatoweka vinywani, lakini daladala limebaki, na leo linatumiwa hata na mamlaka za usafirishaji.

Ruksa: 1985 hadi 2000

Ali Hassan Mwinyi aliingia Ikulu mwaka 1985, makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa yakafuata mwaka 1986, na Rais mwenyewe akabatizwa Mzee Ruksa. Maneno ya mlango wa nyuma yalianza kutoka mbele. Nguo za mitumba, ambazo watu walikuwa wakiziita kafa Ulaya kwa kuhisi kuwa ni mavazi ya marehemu wa kizungu, zikawa nguo za karibu kila mtu. Aibu ilipokwisha, kafa Ulaya likapotea. Mtumba, ambalo zamani lilikuwa robota au mzigo uliofungwa, likapanuka hadi kwenye magari, friji na kompyuta zilizokwisha kutumika. Umma mzima ukivaa kitu kimoja, neno la kukidharau halina pa kusimama.

Watumishi walipunguzwa kazini, viwanda vya umma vikafungwa, na Dar es Salaam, iliyokuwa na watu 270,000 hivi mwaka 1967, ilipita milioni moja na laki tatu katika sensa ya 1988. Kuishi humo bila mshahara kulihitaji akili, na mji ukaitwa Bongo. Kwanza lilikuwa jina la Dar es Salaam pekee, tena lenye onyo kwa anayetoka mkoani: huku hutaishi usipotumia ubongo. Kufikia miaka ya 2000 Bongo ilikuwa Tanzania nzima, na onyo likawa utambulisho wenye fahari ndani ya Bongo Fleva na Bongo Movie. Vijana kutoka Lindi na Mtwara waliotembeza bidhaa mikononi waliitwa kwa jina la Wamachinga, watu wa kusini. Muda si mrefu kijana wa Kigoma au Mwanza anayeuza soksi barabarani alikuwa machinga pia. Jina la kabila likawa jina la kazi. Serikali iliyokuwa ikiwafukuza ikajenga Machinga Complex pale Ilala, na Desemba 2018 Rais John Magufuli akaanza kugawa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vya shilingi 20,000, ambavyo kila mtu aliviita vya wamachinga.

Katika mazingira hayo mhuni alikamilisha mgeuko wake. Msako wa Nguvu Kazi wa 1983 ulikuwa umewasomba mijini watu wasio na kazi rasmi kwa mantiki ileile ya 1944. Sasa kazi rasmi zenyewe zilikuwa zimeadimika, na asiye na mwajiri alikuwa ndiye raia wa kawaida. Karatasi iliyomtenganisha mhuni na mtu mwema ilikosa maana, na vijana wakalitwaa jina lenyewe. "Chizi" lilipita njia hiyohiyo: kutoka mwendawazimu hadi mchizi, rafiki wa karibu unayeweza kumtegemea. Redio binafsi, kuanzia Radio One mwaka 1994, na muziki wa kizazi kipya vikayabeba maneno haya kutoka vijiwe vya Temeke na Kinondoni hadi mikoani kwa muda wa wiki, safari ambayo zamani ilichukua miaka.

Wakubwa nao hawakusahauliwa. "Shangingi" lilikuwa neno la kumtaja mwanamke aliyebobea katika umalaya, mwenye mapambo mengi na gharama kubwa. Mtaa ukalihamishia kwenye Toyota Land Cruiser za serikali, magari ya kung'aa yanayokula fedha za watu. Lawama ya manaizi na Wabenzi ikarudi kwa sura ya tatu, na safari hii neno lilifika hadi bungeni, ambako wabunge walijadili gharama za mashangingi bila kuona haja ya kulieleza. Inafaa kusema pia kwamba neno hilo, kama "changudoa" lililotoka kwa samaki, lilibeba dharau kwa wanawake. Mtaa unaowatetea wanyonge kwa neno moja unaweza kuwaumiza wengine kwa neno hilohilo.

Mafuta, kura na simu: 2000 hadi sasa

Kwa miaka mingi mafuta ya taa yalitozwa kodi ndogo kuliko dizeli, kwa nia njema ya kumsaidia mwananchi anayetumia koroboi. Tofauti hiyo ya bei ilizaa mchezo: mafuta ya taa yalimiminwa ndani ya dizeli, mnunuzi akalipa bei kamili, na gari lake likapoteza nguvu mlimani au kuharibika pampu. Huko ndiko kuchakachua. Mwaka 2010 EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili kuwanasa wachakachuaji, na neno likawa kwenye kila gazeti. Oktoba ya mwaka huohuo kulikuwa na uchaguzi mkuu. Waliotilia shaka matokeo hawakuhitaji kutunga msamiati. Walisema kura zimechakachuliwa, na kila mwenye gari au jenereta alielewa maana yake: kitu halisi kimetiwa kisicho halisi, na wewe umelipa bei ileile. Mwaka 2011 serikali ilipandisha mno ushuru wa mafuta ya taa ili kuondoa faida ya mchezo huo. Neno likabaki, likaenda kwenye vyeti, mitihani na hata mapenzi. Kijana wa leo anaweza kulitumia kila siku bila kujua kwamba lilivuma kutoka kwenye matanki ya mafuta.

Kamusi nayo ilirudisha neno mtaani. Fisadi, kwa zamani, alikuwa mharibifu, zaidi mharibifu wa maadili na wa wake za watu. Septemba 2007, Dk. Willibrod Slaa aliposoma orodha ya mafisadi kwenye viwanja vya Mwembe Yanga, Temeke, neno likahamia moja kwa moja kwa mwizi wa mali ya umma, na maana ya kwanza ikafifia kwa vijana. Zama zilizofuata zimeendelea kuandikwa hivyohivyo. Ukata wa miaka ya Mkapa uliitwa ukapa. Ukata wa miaka ya Magufuli ukaitwa vyuma kukaza. Kutumbua, kazi ya kutoa usaha kwenye jipu, kukawa kumwondoa mtumishi kazini. Kuupiga mwingi, sifa ya mchezaji anayeutawala mpira, kukawa mwaka 2021 sifa ya Rais Samia Suluhu Hassan, na baadaye wakosoaji wakakitumia kifungu hicho kwa kejeli. Zamani mgeuko wa namna hii ulihitaji kizazi kizima. Kwa simu mkononi umechukua miezi.

Chai nayo imefika pengine. Mzee akisikia "chai" ofisini huingiza mkono mfukoni. Kijana akisema "hiyo chai" anamaanisha kwamba habari uliyompa ni ya uongo. Naona mantiki ya wakati ndani ya mabadiliko hayo. Udanganyifu ambao mzazi wake aliukuta mara nyingi zaidi ulikuwa mezani pa karani. Ule anaoukuta yeye kila saa uko kwenye kioo cha simu.

Wanaopinga na haki yao

Pingamizi la kwanza ni kwamba misimu huharibu Kiswahili. Wanaosema hivyo wana hofu ya haki: mwanafunzi asiyejua lugha nyingine isipokuwa ya kijiweni atakwama kwenye mtihani, mahakamani na kazini. Lakini hofu hiyo inadai ufundishaji bora wa lugha sanifu, na haithibitishi kwamba misimu ni uharibifu. Daladala, machinga na mtumba yameishi miongo minne katika lugha na yanatumiwa na mawaziri, Kiswahili hakikuanguka. Pingamizi la pili husema misimu ni uigaji wa Kiingereza. Sauti ya naizi, lofa na dala ni ya kukopa, ni kweli. Maana zake ziliamuliwa hapa. Hakuna Mwingereza angeelewa kwa nini naizi aliheshimiwa mwaka 1962 na kulaumiwa miaka michache baadaye, kwa sababu historia iliyoleta badiliko hilo si yake.

Pingamizi la tatu ni zito zaidi: misimu hufa upesi, na hadithi za asili zake ni porojo, basi haiwezi kuwa ushahidi wa historia. Sehemu ya pili ya hoja hiyo ni ya kweli, na mfano wa dola na dala umeonyesha. Dawa yake ni kupima kila simulizi kwa tarehe na takwimu, kama mwanahistoria apimavyo barua au shajara. Ama kufa upesi, hiyo ndiyo thamani yake. Neno linaloishi miaka kumi tu hutuambia kwa usahihi kilichowashughulisha watu katika miaka hiyo kumi, jambo ambalo neno la kudumu haliwezi. Rajmund Ohly alichapisha kamusi ndogo ya misimu mwaka 1987, na mwaka 2006 Uta Reuster-Jahn na Roland Kießling wakatoa utafiti wa lugha ya mitaani ya Tanzania wenye maneno zaidi ya 1,000. Kwa kulinganisha kazi hizo mbili tu, msomaji anaona jinsi miaka ishirini ya mageuzi ya uchumi ilivyopita juu ya lugha.

Kazi iliyobaki ni yetu wenyewe. Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA), lililoundwa mwaka 1967, na Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI) ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam zina uwezo wa kutuandalia kamusi ya misimu yenye tarehe: neno lilisikika lini, wapi, kwa akina nani, na lilibadilika baada ya tukio gani. Walimu wa sekondari wanaweza kuianza bila kusubiri bajeti, kwa kuwatuma wanafunzi wawaulize babu na bibi zao maneno ya ujana wao na kuyaandika pamoja na mwaka. Waliokuwa vijana wakati wa Azimio la Arusha sasa wamepita miaka sabini, na maneno yao mengi hayamo katika kitabu chochote. Wahojiwe sasa, wakiwa bado wapo wa kuhojiwa.